Anayejenga ndege kwa mikono yake anajua inapovunjika

Mashariki mwa Kongo, kitu kinachoruka bila rubani hakileti furaha. Tangu Desemba 2013, wakati MONUSCO ilipoanza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma, wakaaji wa Kivu walijifunza kuinua kichwa kila wanaposikia mngurumo mwembamba juu ya mawingu. Kiisha zikaja droni zenye silaha, na kuinua kichwa kukageuka kukimbia. Mtoto wa Masisi akiulizwa leo droni ni nini, hatajibu kwamba ni mchezo.

Ndiyo sababu inaweza kushangaza kusikia kwamba huko Marekani, Kanada na Uingereza kuna wazee waliostaafu, mafundi wa magari, walimu na madaktari wanaopitisha miezi ya baridi wakijenga ndege zisizo na rubani, zenye mabawa marefu kuliko kitanda, na hawana vita na mtu. Wanazijenga kwa mbao, gundi na kitambaa. Wanaziongoza kwa redio wakiwa wamesimama chini. Baridi ikiisha, wanazirusha siku ya Jumapili mbele ya wajukuu.

Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wenye makuta. Kwa sehemu ni kweli. Lakini ndani ya kazi hiyo kuna jambo linalogusa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia: faida yake kubwa inapatikana mezani, wakati wa kujenga, kabla ndege haijaondoka chini. Na nchi inayonunua kila kitu kikiwa tayari inabaki bila watu wanaojua kitu kinavunjika wapi na kwa sababu gani.

Baridi inafunga uwanja, inafungua garaji

Katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Minnesota, na pia Ontario upande wa Kanada, theluji inaweza kufunika viwanja vya majani kuanzia Desemba hadi Machi. Batri zinapoteza nguvu kwa sababu ya baridi. Vidole vinakufa ganzi juu ya vijiti vya redio. Kurusha kunakuwa shida, na usiku unaingia mapema. Mwenye garaji yenye joto kidogo ama chumba chini ya nyumba anatandika meza ndefu iliyonyooka, anaweka juu yake karatasi ya plani, na anaanza.

Si watu wachache wasiojulikana. Academy of Model Aeronautics, chama chao cha Marekani, kilianzishwa mwaka 1936 na makao yake yako Muncie, jimbo la Indiana. Kwa miongo mingi, klabu moja ya Toledo, jimbo la Ohio, ilikuwa inatayarisha maonyesho makubwa mwanzoni mwa Aprili. Wajenzi walileta huko kazi zao za baridi, wakaziweka juu ya meza, na waamuzi wakapita wakitazama kila kiungo. Kwa mjenzi, tarehe hiyo ilikuwa kama Mtihani wa Serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: inajulikana mapema, haiahirishwi, na inaonyesha nani alifanya kazi na nani alilala.

Jambo hili lina uzito. Miezi minne ambayo ingekuwa ya kukaa bure inageuzwa kuwa miezi yenye mwanzo, kipimo na mwisho. Baridi peke yake haimfundishi mtu kitu. Kinachomfundisha ni kazi aliyojipangia na siku aliyojiwekea ya kuimaliza.

Kubwa ni kubwa namna gani

Kuna chama cha Marekani kinachoshughulikia ndege kubwa za mfano, International Miniature Aircraft Association. Kwake, ndege yenye bawa moja inahesabiwa kuwa kubwa ikiwa upana wa bawa, kutoka ncha moja hadi nyingine, unafika karibu mita 2. Yenye mabawa mawili, moja juu ya lingine, inatosha mita 1,5. Vilevile inakubaliwa ndege iliyopunguzwa mara nne tu kutoka ile ya kweli.

Tuchukue mfano wa Piper Cub, ndege ndogo ya Marekani ya miaka ya 1930 ambayo wajenzi wengi wanaipenda. Ya kweli ina mabawa ya mita 10,7, na ikijaa haipaswi kupita karibu kilo 550. Ikipunguzwa mara nne, mabawa yanakuwa karibu mita 2,7. Lakini uso wa bawa haupungui mara nne, unapungua mara 16. Na ujazo, yaani nafasi ambayo mwili wote unachukua, unapungua mara 64. Kilo 550 zikigawanywa kwa 64 zinabaki kilo 8 na nusu hivi.

Hapo ndipo hesabu ya shule inageuka kuwa jambo la kushika kwa mikono. Mjenzi akiongeza gundi kidogo hapa, mbao nene kidogo pale, rangi mara tatu badala ya mara moja, anaweza kufika kilo 12 bila kutambua. Bawa limebaki lilelile. Ndege hiyo itaomba mwendo mkubwa ili ipande, na itatua kwa mwendo mkubwa vilevile. Kosa la gramu tano lililorudiwa mara mia tano usiku wa Januari linaonekana mwezi wa Mei, mbele ya watu wote.

Kwa nini basi kujisumbua na ndege kubwa? Kwa sababu inaruka kama ndege ya kweli. Upepo mdogo hauichezi kama karatasi, na macho yanaifuata mbali. Moteri zake nyingi zinatumia esanse, na wengi waliozitengeneza walianza na moteri za misumeno ya kukata miti na za mashine za kukata majani. Sauti ya msumeno huo inajulikana vizuri Beni na Mambasa, ambako unaangusha miti ya mbao na makala. Chuma ni kilekile. Kila mtu anakipa kazi yake.

Tena ndege hiyo si kitu cha kuchezea ovyo. Kilo 8 zenye panga la mbao linalozunguka kwa kasi zinaweza kuua mtu. Ndiyo maana kuna sheria. Marekani, ndege ya kujifurahisha inayopita gramu 250 inaandikishwa, na kwa kawaida hairuhusiwi kupita mita 120 kutoka ardhini. Uingereza, anayejenga ndege ya mfano inayopita kilo 25 anatembelewa na mkaguzi wakati bado anajenga, kabla kitambaa hakijafunika mbao. Mkaguzi anataka kuona ndani, sababu nje kila ndege inapendeza.

Kazi ya meza

Mbao inayotumika zaidi ni balsa, mti mwepesi sana ambao sehemu kubwa yake inatoka Ecuador, nchi ya misitu ya joto. Mwaka 2020, viwanda vya China vilipotafuta balsa kwa wingi ili kutengeneza mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, bei ilipanda na wajenzi wa Marekani na Ulaya wakalalamika. Hata mzee anayejenga peke yake katika garaji yenye theluji mlangoni anategemea mkata miti wa msituni.

Bawa linaanza na miti miwili mirefu inayobeba uzito wote. Juu yake zinapangwa mbavu, vipande vyembamba vinavyofanana, ishirini ama zaidi, kila kimoja kikisimama wima. Ubavu mmoja ukilala kidogo, ngozi ya bawa itakuwa na kilima. Bawa likijipinda milimita chache kuliko mwenzake, ndege itavuta upande mmoja siku zote, na rubani aliye chini atashindana nayo mpaka atakapochoka. Gundi nayo ina tabia yake: kuna inayoshika kwa sekunde, kuna inayotaka saa nyingi, na baridi inaichelewesha zaidi. Asiyengoja anaona kiungo kimefunguka.

Mwishoni inakuja mizani. Kila ndege ina mahali ambapo ikishikwa kwa vidole viwili chini ya mabawa inapaswa kukaa sawa. Kwa nyingi, mahali hapo ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele. Mkia ukiwa mzito, ndege inaweza kupanda pua juu, ikasimama hewani na kuanguka. Msafiri wa Kivu anayepanda ndege ndogo kwenda Walikale ama Shabunda amepimwa uzito pamoja na mizigo yake, na pengine alifikiri wanamtafutia sababu ya kumlipisha. Lakini mahali ambapo kila kilo inakaa ndani ya ndege ni jambo la uzima na kifo. Mtoto aliyesawazisha ndege ya gramu 50 kwa kipande cha udongo puani analijua hilo kwa vidole vyake.

Tayari kuruka, bila kujenga

Siku hizi si wote wanajenga. Kwa miaka mingi sasa viwanda, vingi vyao vya Asia, vinauza ndege kubwa zilizokwisha kujengwa na kufunikwa. Mnunuzi anafungua karto, anafunga mabawa, anatia moteri na redio, na baada ya siku chache yuko uwanjani. Januari 2018, Hobbico, kampuni kubwa ya mji wa Champaign, Illinois, iliyokuwa mali ya wafanyakazi wake, ilikwenda mbele ya korti kutangaza kwamba imeshindwa kulipa madeni. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini wajenzi wa zamani walihuzunika, kwa kuwa kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa inauza masanduku ya mbao zilizokatwa ambayo wengi wao walijifunzia kazi.

Wanaotetea ndege za tayari wana hoja nzuri. Mtu mwenye kazi mbili na watoto wadogo hana usiku mia moja wa kukata mbavu. Ndege ya tayari inaweza kugharimu kidogo kuliko mbao na kitambaa vilivyonunuliwa kipande kwa kipande. Inaleta vijana uwanjani, na klabu isiyo na vijana inakufa. Hakuna haja ya kuwacheka.

Lakini tofauti inaonekana siku ya ajali. Wawili wanaangusha ndege kwa upepo uleule. Aliyenunua anakusanya vipande, anavitia mfukoni, na anafikiria bei ya nyingine. Aliyejenga anapiga magoti, anatazama mahali mbao ilipokatika, anaona kwamba gundi haikuingia ndani ama mti ulikuwa na nundu, na baada ya wiki mbili amerudi uwanjani. Mmoja amepoteza mali, mwingine ameongeza akili.

Ushahidi wa Maynard Hill

Kama kuna mtu aliyeonyesha mikono inaweza kufika wapi, ni Mmarekani Maynard Hill, mhandisi wa jimbo la Maryland. Alijiwekea lengo ambalo wengi waliona ni ndoto: kuvusha ndege ya mfano bahari ya Atlantiki. Sheria ya rekodi ilitaka isizidi kilo 5 pamoja na mafuta yake. Haikuwa ndege kubwa sana, ila ilijengwa kwa uangalifu usio wa kawaida.

Ndege zilizotangulia zilipotea. Agosti 2003, moja iliyoitwa TAM-5 ilirushwa kutoka Cape Spear, Newfoundland, Kanada, ikaongozwa na kompyuta ndogo na satelaiti. Baada ya karibu saa 39 na kilomita 3.000 hivi, ilitua karibu na Clifden, Ireland. Hill alikuwa na umri wa miaka 77. Macho yake yalikuwa yamekwisha karibu kabisa, na masikio pia yalikuwa dhaifu. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vinapima unene wa mbao.

Kitu hicho kilikuwa droni. Hakuna jina lingine. Kilitumia elimu ileile inayotumika na zile zinazotisha vijiji vya Kivu. Elimu ya kuruka haina kabila wala jeshi. Inamfuata aliyejifunza, na asiyejifunza anabaki kuwa mtu wa kurukiwa.

Hata ndege za watu zilianza hivyo. Mwaka 1878, baba mmoja wa Marekani aliwaletea watoto wake mchezo mdogo wa mianzi, karatasi na kizibo, unaorushwa na mpira uliosokotwa, uliofuata kazi ya Mfaransa Alphonse Pénaud. Watoto hao, Wilbur na Orville Wright, wakaiga. Walipojaribu kutengeneza kubwa zaidi, hazikuruka vizuri, na swali hilo likabaki nao. Walipokua wakawa mafundi wa baiskeli huko Dayton, Ohio, kazi inayopungua wakati wa baridi. Mwishoni mwa 1901, katika duka lao, walitengeneza sanduku la upepo na kupima ndani yake mabawa madogo ya mfano, yapata 200. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12.

Na Kivu?

Hakuna theluji Goma. Lakini kuna likizo kubwa ya Julai na Agosti, ambapo maelfu ya wanafunzi wanakaa bila kazi. Kuna jioni ndefu za mvua. Kuna vijana wenye diplome ya teknike ambao katika miaka yote ya masomo walichora mashine ubaoni bila kushika bisibisi. Miezi ya kukaa bure iko. Kinachokosa ni meza na tarehe.

Mikono nayo iko. Chukudu, ambayo Goma iliisimamishia sanamu yenye rangi ya dhahabu, haikutoka kiwandani wala katika karto. Fundi wa kijijini aliichonga kwa mbao na shoka, na inabeba magunia ya viazi na makala kwenye mteremko ambao pikipiki inaogopa. Watoto wa Kivu wanatengeneza magari kwa waya na makopo, na ndege kwa mabua. Ajabu ni kwamba mtoto akifika darasa la sita, wazazi na walimu wanamwambia aache upuuzi huo ashike daftari. Wanamnyang'anya kifaa wakati ule ambapo angeanza kuelewa hesabu iliyomo.

Kosa lingine lingekuwa kuiga kila kitu cha Wamarekani. Ndege ya mita 2,7 na moteri yake inagharimu pesa ambazo familia nyingi za Kivu hazioni kwa mwaka. Na anga ya Kivu si anga ya Ohio. Januari 2025 vita vilifunga hata uwanja wa ndege wa Goma. Kijana atakayerusha leo kitu chenye moteri, redio ama kamera juu ya mji ama karibu na kituo cha askari anaweza kukamatwa kama mpelelezi, ama kupigwa risasi kabla ya kuulizwa. Hakuna mzazi wala mwalimu anayepaswa kumruhusu.

Lakini ndege isiyo na moteri wala redio haimtishi mtu. Ndege ya kutupa kwa mkono, ya upana wa mkono mmoja, inaweza kujengwa kwa mti mwepesi kama parasolier unaoota haraka katika mashamba yaliyoachwa, ama kwa ile povu nyeupe inayofunga televizheni mpya ndani ya karto. Wembe, gundi, rula, kipande cha msasa. Inarushwa ndani ya kiwanja cha shule ama ndani ya ukumbi wa parokia, na hesabu zake ni zilezile: uso wa bawa, uzito, mizani, pembe. Mtoto anayeelewa kwa nini ndege yake ya gramu 50 imeangusha pua ameanza somo lilelile ambalo Hill alimaliza akiwa na miaka 77.

Shule moja ya teknike ikianza Julai na kundi la wanafunzi kumi, mwalimu mmoja wa fizikia na fundi mmoja wa mbao wa mtaa, na ikitangaza tangu siku ya kwanza kwamba Jumamosi ya mwisho ya Agosti kila ndege itarushwa mbele ya wazazi na kupimwa kwa kamba ya mita, gharama yake itakuwa ndogo kuliko karamu ya kufunga mwaka. Fundi wa mbao asisahauliwe. Yeye ndiye anayejua mti upi utapasuka, na mwalimu ndiye anayejua kueleza kwa nini. Wawili hao mara nyingi wanaishi barabara moja na hawajawahi kukaa meza moja.

Mambo hayo hayataondoa vita, na hakuna anayepaswa kudanganya vijana kwamba yatawapa kazi kesho asubuhi. Yatawapa kitu kingine ambacho pikipiki ya tayari, simu ya tayari na paneli ya jua ya tayari haziwezi kuwapa: mazoea ya kutazama ndani ya kitu kilichovunjika bila kuogopa. Siku amani itakaporudi, viwanja vya ndege, hospitali na mabwawa ya umeme vitataka watu wa namna hiyo. Wasipotoka Kivu, watatoka kwingine, na watalipwa kwa dola.